Demio ya dizeli ni tamu, lakini hesabu kilomita zako kwanza

KWA kijana anayesaka gari lake la kwanza, Mazda Demio ya dizeli ni kishawishi kikubwa. Ni ndogo, inaingia kwenye maegesho ya mjini bila vita, inakunywa mafuta kidogo na ukiikanyaga mlimani inapanda bila kulia. Si ajabu mitaa imejaa Demio.

Lakini kaa kidogo na makanika wa Kirinyaga Road au Industrial Area jijini Nairobi, utasikia upande wa pili wa hadithi. Demio hiyo hiyo ndiyo inayoletwa gereji ikivutwa kwa kamba, taa za onyo zimewaka, haina nguvu hata ya kuvuka tuta. Mwenyewe akitajiwa bei ya vipuri, anashika kichwa.

Sasa tumwamini nani? Wote wawili wanasema kweli. Gari lenyewe halina ubaya. Shida ni kwamba wengi wetu tunalinunua kwa sababu ya sifa zake, halafu tunalitumia kwa safari ambazo injini ya dizeli ya kisasa haizipendi. Na zile hela ambazo zingelitunza, tunaziweka kwenye rimu na muziki.

Nguvu ina bei yake

Kizazi cha nne cha Demio kilianza kuuzwa Japan mwaka wa 2014, na kikanyakua tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo kwa msimu wa 2014-2015. Ile ya petroli ya lita 1.3 ina nguvu ya msukumo ya Newton-mita 121. Ya dizeli ya lita 1.5 yenye gia za otomatiki ina 250. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, kwenye bodi ile ile ndogo. Ndiyo maana ukipanda nayo kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, hauhisi kama uko kwenye kigari.

Bei ya nguvu hiyo ni masizi. Dizeli ikiungua huacha masizi, na gari la kisasa haliruhusiwi kuyatema tu hewani. Kwa hivyo kwenye bomba la moshi kuna kichujio, ambacho mafundi hukiita DPF, kinachoyanasa. Kikikaribia kujaa, gari hujisafisha lenyewe: kompyuta yake huongeza mafuta kidogo ili moshi upate joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi na masizi yaungue. Kazi hiyo huchukua kama dakika 15 hadi 20, na inataka injini iwe imepata moto na gari liwe linatembea.

Sasa fikiria safari za wengi wetu. Kutoka nyumbani hadi steji, dakika tano. Kumpeleka mtoto shule, dakika nane. Jioni, jamu. Gari linaanza kujisafisha, wewe unazima. Kesho linaanza tena, unazima tena. Masizi yanazidi kujaa, na mwishowe taa inawaka.

Kuna pia vali ya EGR, ambayo hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza gesi chafu. Moshi huo nao una masizi, na polepole hujibandika kwenye njia ya hewa kama mafuta ya kukaangia kwenye dari ya kibanda cha chipsi. Mazda yenyewe iliwahi kuyarejesha magari ya dizeli nchini Japan ili kurekebisha tatizo la masizi kwenye vali.

Piga hesabu bila kujidanganya

Tuchukue mfano. Tuseme ya dizeli inaenda kilomita 20 kwa lita moja, na ya petroli kilomita 15. Ukiendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, dizeli itakula lita 75 na petroli lita 100. Umeokoa lita 25 kila mwezi, na kwa mwaka hizo ni lita 300. Hapo dizeli inakulipa.

Lakini kama safari zako zote ni kilomita 300 kwa mwezi, tofauti ni lita tano tu. Lita tano haziwezi kulipia kichujio kikiziba, wala nozeli zikiharibika. Kwa mtu wa namna hiyo, Demio ya petroli ndiyo rafiki. Haina sifa nyingi, lakini haitakukopesha usingizi.

Kwa wanaofikiria biashara ya teksi za mitandaoni, kumbuka kwamba wingi wa kilomita peke yake hautoshi. Kilomita 100 za jamu, gari likinguruma papo hapo, zinaumiza kichujio kuliko kilomita 100 za barabara kuu.

Je, kama tayari unayo na unaishi mjini? Litoe gari likanyooshe miguu angalau mara moja kwa wiki. Nairobi Expressway kutoka Mlolongo hadi Westlands ni kilomita 27. Kwa mwendo unaoruhusiwa wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni dakika 20 hivi, muda ambao gari linahitaji kujisafisha. Thika Road asubuhi ya Jumapili pia inafaa, na hakuna ada. Walioko Mombasa wana barabara ya kwenda Mariakani.

Ukiona taa ya DPF imewaka na haimeti, usikimbilie gereji wala usizime gari. Kijitabu cha Mazda kinaelekeza uendelee kuendesha kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa kwa dakika 15 hadi 20, injini ikiwa moto. Ikianza kumetameta, basi hapo mtafute fundi haraka.

Kabla hujatoa pesa

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane. Maana yake ni kwamba Demio nyingi zinazoshuka bandarini Mombasa zimefanya kazi ya miaka kadhaa mijini Japan, kwenye safari fupi fupi. Kilomita chache kwenye dashibodi si lazima ziwe habari njema. Gari la dizeli lililoenda kilomita 90,000 za barabara kuu linaweza kuwa na injini safi kuliko lililoenda 40,000 za kwenda sokoni na kurudi.

Kwa hivyo ukienda kuliona, fika kabla injini haijawashwa. Muuzaji akilipasha moto kabla hujafika, jiulize kwa nini. Liwashe mwenyewe likiwa baridi, usikilize na utazame bomba. Moshi mwingi mweusi au wa bluu ni dalili mbaya. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Kwenye gari la petroli tunaogopa oili ikipungua. Kwenye dizeli hii, ogopa pia ikizidi. Yale mafuta ya ziada yanayotumika kuunguza masizi huweza kuchuruzika hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kijiti cha Mazda kina alama ya X juu ya ile ya kawaida. Oili ikifika hapo, imwagwe.

Mwisho, njoo na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mwambie asiangalie makosa yaliyorekodiwa tu, maana hayo hufutwa kwa dakika moja. Aangalie kiwango cha masizi na umbali kati ya kujisafisha mara moja na nyingine. Kichujio chenye afya huenda mamia ya kilomita. Kikijisafisha kila baada ya makumi machache, nunua simu badala ya gari.

Oili si oili tu

Hapa ndipo wengi hupotelea. Fundi wa mtaani akisikia dizeli, mkono wake huenda kwenye ile oili nzito ya malori na matatu. Nyingi za oili hizo huacha majivu yakiungua, na majivu, tofauti na masizi, hayachomeki. Yakiingia kwenye kichujio, yamekaa. Tafuta kopo lililoandikwa DL-1 au C3, ambazo zimetengenezewa injini zenye kichujio. Kwa vumbi na jamu zetu, kubadilisha kila kilomita 5,000 si ubadhirifu.

Gia nazo zina masharti yake. Demio hii ina otomatiki ya kawaida ya gia sita, si CVT, na inataka mafuta ya ATF FZ. Ukisikia fundi akisema hii ni sawa na zile zingine, shukuru, funga boneti, nenda zako.

Ukiwa kwenye kituo cha mafuta, shuka. Mhudumu akiona kigari kidogo, mkono wake huenda kwenye pampu ya petroli bila kufikiria. Sema dizeli kabla mfuniko haujafunguliwa, kisha bandika stika. Petroli ikishaingia, usiwashe gari hata mara moja. Livutwe, tangi limwagwe. Ukiwasha, pampu inayosukuma mafuta kwa presha kubwa mno itazunguka bila ulainisho wa dizeli na kujisaga.

Mafuta ya taa yana madhara kama hayo. Uchanganyaji ulikuwa umekithiri kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali iliongeza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzima. Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, weka risiti, na ubadilishe filta ya dizeli mapema.

Marembo yanayosaidia, na yanayoua

Hakuna anayesema usipambe gari lako. Kupamba ni sehemu ya raha. Ila kuna marembo yanayolisaidia gari.

La kwanza ni redio. Magari ya Japan hushika FM kuanzia 76, na hayafiki juu ambako stesheni zetu nyingi ziko. Unaweza kufunga kifaa cha kubadilisha masafa au redio mpya ya Android yenye kamera ya nyuma. Hakikisha tu fundi hakati nyaya ovyo.

La pili ni bamba la chuma la kukinga injini kwa chini. Matuta ya mitaani hayana adabu, na chombo cha oili kikipasuka usiku ukiwa mbali, utalikumbuka bamba hilo.

La tatu ni tairi. Nyingi huja na saizi ya 185/65 R15. Ukiweka 195/65 R15, kipenyo kinaongezeka kwa milimita 13, yaani gari linainuka milimita sita na nusu. Si nyingi, lakini pia spidi itasoma chini kidogo: ikionyesha 100, uko kwenye 102. Kuzidi hapo, tairi huanza kugusa bodi ukikata kona. Wanaoweka vipande vya kuinulia juu ya shokabzoba wasizidishe, na wakapime alainimenti siku hiyo hiyo, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Sasa tuje kwa yanayoua. Kubadilisha programu ya injini ili iongeze nguvu kunavutia, lakini mafuta yakizidi, masizi yanazidi, na unayapeleka kwenye kichujio ambacho tayari kinahema.

Baya zaidi ni kukata DPF. Utaambiwa ni dawa ya kudumu: kichujio kinatolewa, kompyuta inadanganywa, taa inazima. Kweli taa itazima. Lakini moshi ule hauendi mbinguni. Mwaka wa 2012, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kiliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta ni mama mboga aliye kando ya barabara, abiria wa boda, na mtoto wako aliye kiti cha nyuma ukiwa kwenye jamu na dirisha wazi. Isitoshe, ile hitilafu iliyokuwa ikijaza masizi, iwe nozeli, tabo au EGR, bado iko. Umemnyamazisha shahidi tu. Kichujio kinaweza kutolewa na kuoshwa na fundi mwenye vifaa, na hapo ndipo hela ziende.

Chochote utakachobadilisha, ijulishe kampuni yako ya bima. Ukibadilisha rangi au injini, NTSA pia lazima ijue. Ni makaratasi tu, lakini ajali ikitokea ndipo utajua thamani yake.

Mpangilio basi uwe hivi: oili sahihi kwanza, filta pili, breki na tairi tatu. Weka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya kusafisha EGR na njia ya hewa, kwa sababu siku hiyo itafika. Kikibaki kitu, nunua rimu, weka muziki, upige luku. Gari linalowaka kila asubuhi na kukufikisha kazini ndilo linalopendeza, hata kama rimu zake ni zile zile zilizotoka nazo Japan.