Tiba ya Mwanga Inavyotuliza Seli za Kinga Baada ya Kupandikizwa Uloto

Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, huduma ambayo awali iliwalazimu Watanzania kuifuata nje ya nchi. Kwa familia ya Masasi au Newala, safari ya rufaa bado ni ndefu, na uangalizi hauishii siku mtoto anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Uloto ndio kiwanda cha chembe za damu, zikiwemo za kinga. Mtoto anayepewa uloto wa ndugu yake hupokea pia askari wa mwili wa ndugu huyo. Uwezekano wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana kikamilifu ni asilimia 25 tu. Na hata wanapolingana, seli T za mchangiaji zinaweza kuuona mwili mpya kuwa adui na kushambulia ngozi, ini na utumbo. Tiba ya kwanza ni dawa za steroidi. Hizi hushusha kinga nzima, jambo zito kwa mgonjwa anayerejea katika mkoa wenye malaria.

Steroidi zinaposhindwa, vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani hutumia pia mwanga. Njia hiyo ilibuniwa na Richard Edelson wa Chuo Kikuu cha Yale, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1988 kwa saratani ya seli T inayoshambulia ngozi. Damu hupitishwa katika mashine inayotenga chembe nyeupe; chembe hizo huchanganywa na dawa ya methoksaleni, humulikwa kwa mionzi ya ultravioleti A, kisha hurudishwa mwilini.

Seli zilizomulikwa hufa taratibu katika siku chache. Ajabu ni kwamba zinazopita kwenye mashine ni sehemu ndogo tu ya seli T zote, lakini utulivu huenea mbali zaidi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli walinzi, ziitwazo dendritiki, humeza mabaki hayo na, badala ya kupiga mbiu ya vita, huchochea seli T dhibiti ambazo huzuia mashambulizi. Kinga dhidi ya maambukizi haivunjwi kama ilivyo kwa steroidi.

Tiba hii si nyepesi. Hurudiwa kwa miezi, mtoto mwenye uzito mdogo huhitaji uangalizi maalumu damu inapotolewa, na kwa saa 24 mgonjwa hukinga macho na ngozi dhidi ya jua.

Kwa aliyekwisha kurejea nyumbani, upele mpya, kuharisha kusikokoma, macho ya njano au vidonda vya kinywa si vya kutibiwa kwa dawa za dukani. Mgonjwa afikishwe hospitali mapema, na kwa rufaa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, Mtwara, huku timu iliyompandikiza ikijulishwa siku hiyohiyo.