Umeme wa akiba na siku ya haja

Sisi wakaazi wa Unguja hatuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kukatikiwa umeme. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa chetu kilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani muda wa miezi mitatu, kwa kuwa umeme wetu ulikuwa ukija kwa njia moja tu iliyolazwa chini ya bahari. Tuliona wakati ule kwamba umeme ukiondoka hauondoki peke yake, bali huondoka na maji, kwani pampu nazo husimama. Tuliona na jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja hadharani. Katika ofisi moja niliyokuwa nikifanya kazi jenereta ilikuwepo, imefunikwa turubai, na kila mwaka ikiandikwa katika orodha ya mali. Siku ilipohitajiwa betri yake ilikuwa imekufa, na aliyekuwa na ufunguo wa chumba alikuwa Pemba.

Nayakumbuka hayo kwa sababu habari za umeme wa nyuklia zimekwisha fika katika pwani yetu hii. Wenzetu wa Kenya waliutaja Uyombo, huko Kilifi, kuwa mahali pa kujengea kituo, na mwaka 1924 wa mababu zetu ulikuwa na mambo yake, lakini mwaka 2024 wakaazi wa Uyombo walitoka kupinga. Katika mabishano ya namna hiyo watu huuliza sana juu ya kinu chenyewe, na ni wachache mno wanaouliza juu ya jenereta. Kumbe hatari kubwa yaweza kuwa hapo.

Jiko la makaa ukilinyima makaa, moto hufa. Kinu cha nyuklia sivyo kilivyo. Kikizimwa, mpasuko wa atomi husimama mara moja, lakini mabaki ya mpasuko huo huendelea kutoa joto: kiasi cha asilimia 6 ya nguvu yote pale pale kinapozimwa, na kiasi cha nusu ya asilimia 1 baada ya siku nzima. Nambari hizi zaonekana ndogo, lakini kinu chenye joto la megawati 3,000 kitakuwa bado na joto la megawati 15 siku ya pili yake, na joto hilo halina budi liondolewe kwa maji. Maji husukumwa na pampu, pampu huendeshwa kwa umeme, na kinu kilichozimwa hakizalishi umeme. Kwa hiyo kituo chenye kuwasha taa za miji mizima hugeuka kuwa mwombaji: huomba umeme wa gridi, gridi ikianguka, hutegemea jenereta za dizeli, na hizo zikishindwa, hubaki betri za saa chache.

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8 na dakika 46 mchana, tetemeko kubwa liliipiga Japani. Katika kituo cha Fukushima Daiichi vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima kama ilivyopasa, na umeme wote wa kutoka nje ukakatika. Kituo kilikuwa na jenereta za dharura 13. Moja ilikuwa katika matengenezo, na zote zilizosalia ziliwaka zenyewe. Hadi hapo hapakuwa na wa kulaumiwa. Mafundi walikuwa wamefanya kazi yao. Baada ya dakika 50 hivi likaja wimbi la tsunami, lenye kimo kiasi cha mita 14, likapanda juu ya uwanja wa vinu vinne vya kwanza uliokuwa mita 10 tu juu ya bahari. Jenereta nyingi zilikuwa zimewekwa katika vyumba vya chini, katika majengo yaliyokabili bahari. Zikazama pamoja.

Wala si zote zilizozama. Jenereta mbili zilizokuwa katika jengo jingine, zenye kupozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari, zilisalimika. Lakini makabati ya kugawia umeme wake yalifurika, hata zikawa kama ng'ombe wa maziwa aliye ng'ambo ya mto. Ni jenereta moja tu, ya kinu cha 6, iliyoendelea kutoa umeme, na hiyo moja ndiyo iliyokiokoa kinu hicho na jirani yake cha 5. Kwingineko wafanyakazi walizifungua betri za magari yao wakaziunganisha na mita ili wapate kusoma kina cha maji ndani ya vinu. Malori yenye mitambo ya umeme yaliitwa, yakakwama katika misongamano ya barabara. Waya ulikokotwa kwa mikono usiku kucha, na ulipokuwa ume karibu kufaa, mlipuko wa haidrojeni katika kinu cha 1 ukauharibu. Vinu vitatu viliyeyuka ndani, na watu zaidi ya 150,000 wakahama makwao.

Je, hayo yalikuwa majaaliwa matupu? Mwaka 2008 kampuni yenye kituo ilikuwa imekwisha fanya hesabu yake yenyewe iliyoonyesha kwamba wimbi la mita 15.7 laweza kufika hapo. Ukuta haukujengwa, na jenereta hazikuhamishwa. Mwongozo wa usalama wa Japani wa mwaka 1990 nao ulisema hapana haja ya kuzingatia kukatika kwa umeme kwa muda mrefu, kwa vile gridi ingetengenezwa upesi. Tume huru ya Bunge la Japani ilitamka mwaka 2012 kwamba maafa yale yalitengenezwa na binadamu. Sisi tuliozoea kusingizia Mungu kila lori likianguka tungefaa kuisoma taarifa ile.

Kituo cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na chimbuko la tetemeko, lakini kilijengwa karibu mita 15 juu ya bahari, kikanusurika. Fukushima Daini ilibakiwa na njia moja ya umeme wa nje, na wafanyakazi kiasi cha 200 wakalaza waya wa kilomita 9 kwa mabega yao kuufikisha kwenye pampu.

Asidhani mtu kwamba lazima ije tsunami. Tarehe 20 Machi 1990, katika kituo cha Vogtle huko Marekani, lori lilirudi nyuma likagonga nguzo ya umeme. Jenereta moja ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo. Ya pili iliwaka ikazima. Kwa dakika 36 kinu, ambacho kwa bahati kilikuwa kimezimwa tayari, hakikuwa na umeme wa kupozea. Na tarehe 25 Julai 2006, huko Forsmark, Uswidi, hitilafu ya nje ya kituo ilirusha umeme mkali ndani. Jenereta zilikuwa nne, lakini vifaa vya betri vilivyozihudumia vilikuwa vya aina moja. Viwili vikashindwa, na jenereta mbili hazikuunganika mpaka fundi wa zamu alipoziunganisha kwa mkono baada ya dakika 20 na ushei. Nne zenye udhaifu mmoja si nne.

Tangu mwaka 2011 Ufaransa imekiongezea kila kinu jenereta nyingine ndani ya jengo imara lililo mbali na mafuriko, na Marekani imeweka maghala mawili, Memphis na Phoenix, yenye pampu na jenereta za kupelekwa popote nchini kwa muda wa saa 24. Lakini huko Zaporizhzhia, Ukraine, ambako vita vimeingia mpaka uani mwa kituo, umeme wa nje ulikatika Septemba 2025 ukarudi baada ya mwezi mmoja. Vinu vyote sita vilikuwa vimezimwa zamani, na hata hivyo jenereta zilifanya kazi usiku na mchana, zikipokezana zamu.

Ofisa atakayewekewa mezani ramani ya kituo kama hicho ataambiwa idadi ya jenereta, nayo itakuwa kubwa. Aulize zimewekwa wapi, na makabati yake ya umeme yamewekwa wapi; aulize ni lini mara ya mwisho ziliwashwa zikabebeshwa mzigo kamili, si kunguruma dakika tano mbele ya mgeni; aulize dizeli ya wiki ya pili itapita barabara gani ikiwa madaraja yamevunjika. Kisha aulize ufunguo anao nani.