Kujitolea majuu: maswali manne ya mpagazi kabla hujafunga begi

Kila nikiingia kafe hapa Tabora mjini nakutana na swali lile lile: "Bro, hizi nafasi za kwenda kujitolea nje ni za kweli au usanii?" Jibu fupi: za kweli zipo, na usanii nao upo, tena wa kumwaga. Najua dakika zako zinahesabiwa hapo kwenye kona ya skrini, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Kwanza tuelewane. Kujitolea nje si ajira, na si kuzamia. Unakwenda kwa muda maalumu, mara nyingi miezi 6 hadi 12, kwa mkataba. Unapewa posho badala ya mshahara, halafu unarudi nyumbani. Zamani mlango ulifunguka upande mmoja tu, wao ndio waliokuja kwetu. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake, mwaka huo huo. Wajerumani wakaanzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 kuleta vijana wao huku. Mwaka 2013 ndipo walipofungua upande wa pili, na vijana wa kwetu nao wakaanza kwenda Ujerumani. Mimi nilipita mlango huo miaka michache baadaye: miezi 12 kwenye nyumba ya wazee.

Sasa, watu wa Tabora tuna historia na mikataba ya safari. Mji huu, enzi za Kazeh na Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama kilo 30, lakini hakuunyanyua kabla ya kupatana. Posho ikikatika, aliweka mzigo chini akashika njia ya kwao. Na neno posho ndilo hilo hilo tunalotumia leo! Basi chukua maswali ya mpagazi uyaulize kabla hujasaini.

1. Nani analipa njia?
Kwenye weltwärts fedha nyingi zinatoka wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Tiketi ya ndege, bima ya afya na malazi havitoki mfukoni mwako. UNV, yaani mpango wa watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa ulioundwa 1970 na wenye makao yake Bonn, hautozi hata senti kwa maombi. Kwa hiyo mtu akikwambia "tuma laki tano ya usajili nikuunganishe", funga ukurasa. Kuna jamaa wa mtaani kwetu alipigwa changa la macho na wakala mmoja. Mzee wake aliuza ng'ombe wawili, visa haikuonekana, na simu ya wakala haipatikani mpaka leo. Gharama halali utakazokutana nazo ni zile za serikali na hospitali, kama pasipoti na chanjo, na kila moja ina risiti.

2. Posho inatosha nini?
Inatosha wewe. Basi. Unakula, unalala, unapanda basi, unabaki na hela kidogo ya vocha na koti la baridi. Haijengi nyumba Isevya wala haimlipii mdogo wako ada ya chuo. Hapa ndipo penye kazi nzito kuliko visa. Nyumbani wakisikia "yuko Ulaya" wanaanza kupanga bajeti. Mimi nilikaa na mama na wajomba nikawasomea mkataba kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla ya kuondoka. Mjomba mkubwa alinuna wiki nzima. Lakini nilipofika kule sikupigiwa simu za lawama usiku.

3. Mzigo ni upi?
Soma kazi yenyewe, usisome jina la programu. Neno "maendeleo" linapendeza kwenye fomu, ila kazi yangu ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu, kugawa chai na kukaa na bibi aliyesahau majina ya wanawe. Wengine wako shule za chekechea, wengine kwenye mashamba na miradi ya mazingira. Ukitaka kazi ya fani yako, angalia Umoja wa Afrika. Una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu 2010, kwa wenye miaka 18 hadi 35, na unapelekwa nchi nyingine ya Afrika. Norec ya Norway hupitia taasisi: huombi peke yako, ni taasisi yako inayobadilishana watumishi na taasisi ya nje.

4. Narudi lini, na nini?
Visa ya kujitolea imefungwa kwenye huduma ile. Huduma ikiisha, ruhusa nayo inakwisha. Mwalimu Nyerere alitoka hapa Tabora, akifundisha St. Mary's, akaenda kusoma Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952. Si lazima urudi uongoze nchi, lakini jua unakwenda kuchukua nini. Mimi nilirudi na Kijerumani cha kutosha kuombea kazi na barua ya utumishi.

Makaratasi sasa. Anza na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, kwa sababu bila hivyo Uhamiaji hawakupi pasipoti. Chanja homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti chake kinadumu maisha, usikubali kuambiwa kinaisha baada ya miaka 10. Kwa Ujerumani anza lugha mapema. Kwa mwaka mzima huombi visa ya matembezi, unaomba ya muda mrefu kwenye ubalozi Dar es Salaam, ukiwa na mkataba mkononi. Na uwe na subira. Livingstone alikaa Kwihara, hapo jirani tu, tangu Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Wewe ukisubiri visa miezi miwili usiache kazi ya bodaboda eti "naondoka wiki ijayo".

La mwisho. Kama mkataba unaficha jibu la swali moja kati ya haya manne, usiondoke. Nafasi nyingine itakuja, lakini ng'ombe wa mzee akishauzwa harudi zizini. Mkataba ukijibu yote manne, nenda, na wala usiogope Kiingereza chako cha shule ya kata.

Uliyewahi kwenda, au uliyelizwa na wakala, weka maoni hapo chini wengine wajifunze. Nawasilisha.