Dawa za kulinda figo iliyopandikizwa: zinatofautianaje?

Tangu Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, wananchi wamezoea kusikia habari za upasuaji huo. Kisichosikika sana ni yale yanayofuata mgonjwa akirejea nyumbani: kumeza dawa kila siku, saa zilezile, kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Kinga ya mwili huiona figo mpya kuwa kitu kigeni na kuishambulia, hata kama imetolewa na ndugu wa tumbo moja. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa tatu pamoja: prednisoloni, mikofenoleti au azathioprini, na dawa ya msingi, ambayo mara nyingi ni takrolimusi au siklosporini.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha dawa hizo za msingi kwa wagonjwa 1,645 katika nchi 15. Waliopatwa na tatizo la mwili kuikataa figo walikuwa takriban asilimia 12 kwa takrolimusi ya kiwango kidogo, asilimia 26 kwa siklosporini ya kiwango cha kawaida, na asilimia 37 kwa sirolimusi. Ndiyo maana takrolimusi hutangulizwa.

Hata hivyo, takrolimusi huongeza hatari ya kupata kisukari na huweza kutetemesha mikono. Siklosporini huotesha nywele mwilini na kuvimbisha fizi, mambo ambayo kwa msichana si madogo. Zote mbili, zikizidi katika damu, huidhuru figo ileile zinayoilinda. Kwa sababu hiyo damu hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi. Anayemeza kwanza ndipo aende kliniki hupata majibu yasiyo sahihi.

Mwanamke anayetarajia kupata mtoto amweleze daktari mapema, kwa kuwa mikofenoleti huweza kuharibu mimba au kumletea mtoto kasoro za kimaumbile. Azathioprini ndiyo mbadala wa kawaida.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha sana kiwango cha takrolimusi na siklosporini katika damu, ilhali tunda la balungi hukipandisha. Mgonjwa anayeanzishiwa dawa nyingine katika kituo chochote cha afya anapaswa kumweleza mhudumu kwamba amepandikizwa figo, na asikubali kubadilishiwa aina ya takrolimusi dukani bila idhini ya daktari wake.