Prosesa iliyoongezwa mwendo: Kuwaka si sawa na kuwa imara

KATIKA mji wa Tunduma, mkoani Songwe, neno spidi gavana halihitaji kufafanuliwa. Mji huo ndio mwisho wa barabara kuu ya TANZAM kwa upande wa Tanzania, na kuanzia Chapwa hadi mpakani na Nakonde ya Zambia watu wanafahamu kwamba kifaa hicho hufungwa kwenye gari ili lisipite mwendo uliowekwa.

Mafundi wanafahamu pia kwamba kinaweza kufunguliwa. Gari huongeza mwendo siku hiyo hiyo. Swali la iwapo breki na injini zitahimili huachwa hadi gari lifike mlimani.

Kompyuta ya mezani nayo ina jambo linalofanana na hilo. Prosesa, ambayo ndiyo kifaa kinachofanya hesabu zote za kompyuta, hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kupangiwa mwendo wake. Wapo wanaoupandisha mwendo huo kwa makusudi, ili kompyuta ifanye kazi kwa haraka zaidi bila wao kuingia gharama ya kununua prosesa nyingine. Kwa lugha ya mafundi, kitendo hicho huitwa ovakloki.

Kwa kijana wa Chapwa anayecheza michezo ya kompyuta, jaribio hilo likishindikana hasara yake ni mchezo kukatika. Kwa mwenye studio ya kuhariri video za harusi, au wakala wa forodha anayeandaa nyaraka za mizigo inayovuka mpaka, hasara ni ya aina nyingine kabisa, na mara nyingi haionekani siku ile inapotokea.

Akiba iliyoachwa na kiwanda

Mwendo wa prosesa hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mapigo ya saa yake ya ndani katika sekunde moja. Prosesa ya gigahezi 3.6 hupiga mara bilioni 3.6 kila sekunde. Idadi hiyo ni zao la namba mbili: mapigo ya msingi, ambayo katika kompyuta nyingi za sasa ni megahezi 100, na kizidisho kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Mia moja mara 36 ni 3,600. Anayetaka kuongeza mwendo hupandisha mojawapo ya namba hizo.

Jambo hilo huwezekana kwa sababu prosesa za toleo moja hazilingani, hata kama zimekatwa kutoka bamba moja la silikoni. Kiwandani hupimwa na kupangwa katika madaraja, na mtengenezaji huacha akiba kati ya mwendo anaouandika na ule ambao prosesa ingeweza kuufikia. Hufanya hivyo kwa kuwa hajui kifaa chake kitakwenda kufanya kazi wapi, iwe katika ofisi yenye kiyoyozi au katika kibanda cha bati kilicho kando ya barabara ya vumbi.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa mwaka 1998, wakati kampuni ya Intel ilipouza prosesa ya bei nafuu iliyoitwa Celeron 300A. Mapigo yake ya msingi yalikuwa megahezi 66 na kizidisho chake 4.5, hivyo ikakimbia kwa megahezi 300. Watumiaji walibaini kuwa mapigo ya msingi yakipandishwa hadi 100, prosesa nyingi za aina hiyo zilikubali kwenda kwa megahezi 450, mwendo wa Pentium II iliyouzwa kwa bei ya juu mno mwaka huo.

Upande wa pili wa habari hiyo haukuwa mzuri. Katika miaka ya 1990 walikuwapo wafanyabiashara waliofuta maandishi ya juu ya prosesa, wakaandika mwendo mkubwa zaidi, kisha wakamuuzia mteja asiyejua kitu. Ulaghai huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Intel ianze kufunga kizidisho.

Hata mtengenezaji mwenyewe huweza kuitumia akiba hiyo hadi ikaisha. Mwaka 2000 Intel, ikiwa katika ushindani mkali na AMD, ilitoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Prosesa hiyo iliwaka vizuri na kuendesha programu za kawaida, lakini wachambuzi wa vifaa vya kompyuta walipoipa kazi nzito ya kutafsiri msimbo wa kiini cha mfumo wa Linux, ilishindwa kuimaliza. Mwezi Agosti mwaka huo huo kampuni ililazimika kuirudisha kutoka sokoni.

Volteji, joto na hewa ya nyanda za juu

Mwendo ukipanda, transista zilizomo ndani ya prosesa hupewa muda mfupi zaidi wa kuwaka na kuzima. Ikifika hatua zikashindwa kuwahi, dawa ya kwanza wanayoikimbilia wengi ni kuongeza volteji. Hapo ndipo gharama inapoanza kupanda kwa kasi kuliko faida.

Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa kiwango kile kile cha mwendo, lakini kwa volteji huongezeka kwa kipeo cha pili. Mtu akiongeza mwendo kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, hesabu ni 1.1 mara 1.1 mara 1.1, yaani takribani 1.33. Kwa maneno mengine, kwa mwendo wa ziada wa sehemu moja ya kumi, umeme na joto vimeongezeka kwa theluthi nzima. Prosesa iliyokuwa ikila wati 90 sasa inakula karibu 120, na wati zote hizo hugeuka kuwa joto katika kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Joto hilo huondolewa na feni inayopuliza hewa kwenye kipoza cha aluminiamu au shaba, na hewa ya mahali husika ina sauti kubwa katika jambo hili. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 15, hivyo feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, hubeba joto kidogo kuliko ambavyo ingebeba Dar es Salaam. Baridi ya nyanda za juu huifidia hasara hiyo, ila haifanyi hivyo mwaka mzima.

Hapo pana mtego ambao wengi hawauoni. Anayepandisha mwendo mwezi Julai, chumba kikiwa na nyuzijoto 16, huona prosesa inafika nyuzijoto 78 chini ya kazi nzito na kuridhika. Mwezi Oktoba, chini ya bati, chumba hicho kikifika 30, prosesa nayo hupanda kwa nyuzi zile zile 14 na kufika 92. Vumbi likiziba kipoza na grisi ya kupitisha joto ikikauka, itagusa 100, kiwango ambacho prosesa nyingi hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Mwenye kompyuta atakuwa amepoteza mwendo wote alioutafuta, na pengine zaidi ya hapo.

Umeme wa ukutani nao una nafasi yake. Kwa viwango vya kompyuta za mezani, pawasaplai hutakiwa kutoa volti 12 bila kupungua chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6. Pawasaplai za bei rahisi, hasa zile ambazo wati zilizoandikwa kwenye lebo ni nyingi kuliko zinazotoka kwenye waya, hushindwa kuulinda mpaka huo mzigo unapokuwa mkubwa. Umeme unaopanda na kushuka huzidisha tatizo, na stabilaiza au UPS yenye kurekebisha volteji ni ya lazima kabla hata ya kufikiria kugusa kizidisho.

Kosa lisilopiga kelele

Neno imara hutumiwa ovyo katika mambo haya. Wengi huiita kompyuta imara kwa kuwa imewaka, imefungua Windows na kucheza filamu. Kompyuta iliyozidishiwa mwendo huweza kufanya yote hayo na bado ikawa inakosea hesabu.

Skrini ya bluu na kuzima ghafla ndizo dalili zilizo afadhali, kwa sababu zinaonekana. Hatari kubwa ni prosesa kukosea kimyakimya na kuendelea na kazi. Namba ndani ya kompyuta huhifadhiwa kwa tarakimu za moja na sifuri. Tuseme namba kamili 4,000,000 imehifadhiwa kwa njia hiyo: tarakimu moja tu ikigeuka kutoka moja kuwa sifuri, ile yenye thamani ya 1,048,576, namba hiyo itasomeka 2,951,424. Kompyuta haitatoa onyo lolote. Katika mchezo wa kompyuta tukio hilo ni nukta moja yenye rangi isiyo yake. Katika hesabu ya thamani ya mzigo ni zaidi ya shilingi milioni moja iliyopotea, na atakayeulizwa ni karani.

Kwa sababu hiyo majaribio ya kweli ya uimara hayaangalii kama kompyuta imezima. Huangalia kama jibu ni sahihi. Programu inayotumika sana ni Prime95, iliyoandikwa na George Woltman katika miaka ya 1990 kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa. Programu hiyo huipa prosesa hesabu nzito ambazo majibu yake yanajulikana tayari, kisha hulinganisha. Tofauti ikionekana, hata ndogo namna gani, jaribio husimama. Kumbukumbu ya RAM hupimwa kivyake, kwa programu kama Memtest86, tena kabla ya prosesa, vinginevyo fundi atalaumu kifaa kisicho na kosa.

Saa moja ya jaribio haitoshi. Wazoefu huacha kompyuta ikijaribiwa usiku kucha, na wenye busara huirudia kazi hiyo katika mwezi wa joto, mchana, dirisha likiwa limefungwa.

Mfano wa karibuni unaonyesha jinsi kosa la aina hii linavyoweza kumdanganya hata mtaalamu. Kabla ya katikati ya mwaka 2024, wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 walilalamika kuwa michezo ilikatika ikitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya video imekwisha. Kadi za video hazikuwa na tatizo. Mwezi Julai mwaka huo Intel ilieleza kuwa prosesa hizo zilikuwa zikiomba volteji kubwa kuliko inavyofaa, na mwezi Agosti ikatoa marekebisho ya programu pamoja na kuongeza miaka 2 ya dhamana. Marekebisho hayo yalizuia madhara mapya tu. Prosesa zilizokwisha kuchakaa hazikuweza kuponywa. Wengi wa wenye prosesa hizo hawakuwa wameongeza mwendo wowote.

Wanaoweza na wasioweza

Kwa wakazi wengi wa Chapwa na miji mingine, mjadala huu huishia kwenye bodi mama. Kompyuta za mezani zilizotumika, za aina ya Dell OptiPlex na zile za ofisini za HP, hazina mpangilio wa kuongeza mwendo wa prosesa katika bayosi zake. Kwa Intel, kwa kawaida kizidisho hufunguliwa katika prosesa ambazo namba yake huishia na herufi K, zikiwa kwenye bodi mama zenye chipseti ya jamii ya Z. AMD imeacha wazi karibu prosesa zote za Ryzen za mezani, ila bodi mama zenye chipseti ya A320 au A520 haziruhusu.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani ya ofisini, fedha ya kipoza kikubwa na pawasaplai mpya ingefanya kazi nzuri zaidi ikinunua RAM ya kuongezea na diski ya SSD. Tofauti itaonekana siku hiyo hiyo, na hakuna hesabu itakayokosewa.

Ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka 2008, Intel ilipoleta teknolojia ya Turbo Boost, prosesa hujipandishia mwendo zenyewe kila joto na umeme vinaporuhusu. Akiba iliyokuwa kubwa enzi za Celeron 300A sasa hutumiwa na kiwanda chenyewe. Mwaka 2022 prosesa ya Intel ilivuka gigahezi 9, lakini kwa kupozwa kwa heliamu ya kimiminika; hayo ni mashindano, hayahusiani na kompyuta ya kazi.

Aliye na vifaa vinavyoruhusu, na ambaye kompyuta yake haina kazi za watu, huanza kwa kunakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje. Hupandisha kizidisho hatua moja tu, yaani megahezi 100, bila kugusa volteji, kisha hujaribu. Likipita, hupanda hatua nyingine. Jaribio linapoonyesha kosa, hurudi nyuma hatua mbili badala ya moja. Kuongeza volteji huja mwisho kabisa, kwa vipimo vidogo, huku joto likiangaliwa kwenye skrini.

Huenda kompyuta ikakataa kuwaka kabisa baada ya mabadiliko. Wengi hufikiri prosesa imeungua. Mara nyingi haijaungua: huchomolewa waya wa umeme, ikaondolewa ile betri ndogo ya mviringo ya CR2032 iliyo kwenye bodi mama, ikaachwa nje dakika chache, kisha ikarudishwa. Bayosi husahau yote iliyoambiwa na kompyuta huwaka kwa mwendo wa kiwandani, ikionyesha tarehe ya miaka iliyopita hadi mwenyewe atakapoirekebisha.