Glasi moja ya Manhattan ina kileo kiasi gani?

Mseto wa wiski uitwao Manhattan umekuwa ukiandaliwa katika baa za Marekani tangu miaka ya 1880. Huletwa katika glasi ndogo yenye shina refu, na kwa macho ni kinywaji kidogo kuliko chupa ya bia. Je, na nguvu yake ni ndogo vilevile?

Jibu hupatikana kwa hesabu. Kwa kawaida huchanganywa mililita 60 za wiski ya Kimarekani na mililita 30 za vamuthi, yaani divai tamu iliyotiwa viungo, pamoja na matone machache ya kileo kichungu cha mitishamba. Wiski yenye nguvu ya asilimia 45 hutoa mililita 27 za alkoholi halisi. Vamuthi ya asilimia 16 huongeza takriban mililita 5. Jumla ni mililita 32.

Kabla ya kutiwa barafu, mseto huo una nguvu ya asilimia 35 hivi. Mhudumu anapoukoroga, barafu huyeyuka na kuongeza maji yanayokaribia robo ya ujazo wake, na nguvu hushuka hadi asilimia 28. Maji hayo hupunguza ukali ulimini, lakini hayaondoi hata tone moja la alkoholi. Anayemaliza glasi amemeza mililita zile zile 32.

Nchini Uingereza, kipimo kimoja cha kileo ni mililita 10 za alkoholi halisi. Glasi hiyo basi ina vipimo vitatu na zaidi, ilhali chupa ya bia ya mililita 330 yenye asilimia 5 haifikii viwili. Aliyekunywa glasi mbili ni kama amemaliza bia nne. Mwaka 2016, waganga wakuu wa Uingereza walishauri mtu asizidishe vipimo 14 kwa wiki. Glasi tano huvuka kiwango hicho.

Kwa dereva, hesabu hii ni nzito zaidi. Ini huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa, ingawa watu hutofautiana. Aliyemaliza glasi mbili saa sita usiku huenda bado ana alkoholi mwilini saa kumi na mbili asubuhi, anapotoka kwenda kazini. Kahawa nzito au kuoga maji baridi hakuharakishi kazi ya ini.

Sheria nazo zimekazwa. Desemba 2014, Uskochi ilishusha kiwango kinachoruhusiwa kwa madereva kutoka miligramu 80 hadi 50 kwa kila mililita 100 za damu. Jimbo la Utah, Marekani, lilichukua hatua kama hiyo Desemba 2018.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu glasi, ni vyema kumwuliza mhudumu mambo mawili: wiski ni ya asilimia ngapi, na amemimina mililita ngapi.