Mtihani wa Mtandaoni: Wanafunzi Wanahofia Nini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi korona ilivyovitenganisha vyuo vyetu. Tanzania ilivifunga Machi 2020 na kuvifungua Juni 1, wanafunzi wakarudi kwenye kumbi na vijitabu vyao vya majibu. Nchini Kenya milango ilifungwa kwa miezi mingi zaidi, na baadhi ya vyuo vikatahini watu wakiwa majumbani.

Mwanafunzi akisema anapendelea karatasi, wakubwa huhitimisha haraka kwamba anaogopa teknolojia. Sikubaliani nao. Kijana huyo ameomba mkopo mtandaoni, amesajili kozi mtandaoni, na matokeo yake huyaangalia humohumo. Tena testi ya kompyuta ina jambo moja analolipenda sana: maswali ya kuchagua husahihishwa hapohapo, wakati darasa la watu mia kadhaa linaweza kusubiri alama za karatasi mpaka UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inabisha hodi.

Hofu yake ni ya haki. Umeme ukikatika ukumbini, kalamu inaendelea kuandika na msimamizi anashuhudia. Bando likiisha chumbani, saa ya mtihani haisimami, na hakuna shahidi.

Kuna pia mazoea ya miaka mingi. Tangu shule ya msingi ameambiwa asome maswali yote kwanza, aanze na mepesi. Anafika chuoni anapewa swali moja moja, na akishalipita harudi nyuma. Wa hesabu na uhandisi wanaumia zaidi: karatasini njia sahihi huleta alama hata jibu likikosewa mwishoni, lakini kisanduku kinachopokea tarakimu ya mwisho tu hakioni njia. Hapo naona wana hoja nzito, na sijasikia chuo kikiijibu ipasavyo.

Wengi hawajui kwamba mengi ya mambo haya huamuliwa na mhadhiri. Chukua Moodle, programu iliyoasisiwa Australia na Martin Dougiamas, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 2002. Kwa kawaida huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya dakika moja, hivyo mtandao ukikatika yaliyokwisha kuhifadhiwa hayapotei. Mhadhiri anaweza kuruhusu kurudi nyuma au kukataza. Anaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja aliyekatikiwa umeme bila kuwagusa wengine. Kwa swali la hesabu anaweza kuomba picha ya kazi iliyofanywa kwa mkono.

Kwa hiyo chuo kiwaandikie wanafunzi mapema: mtandao ukikatika, nani apigiwe simu, na muda unafidiwaje. Kitoe jaribio la mazoezi lisilo na alama. Asiye na kompyuta mpakato apate nafasi kwenye maabara yenye jenereta, maana kuandika insha kwenye kioo cha simu ni adhabu.

Wahadhiri watauliza: na desa, yaani kuibia majibu, je? Wiki ijayo tutalichambua hilo.

Itaendelea.